Peni ya Ndovu Wawili: Sarafu za Shirikisho Zilizobaki Tunduma



Katika msimu uliopita wanachama watatu, mmoja wa Mkoani na wawili wa upande wa Wete, walileta ofisini sarafu ya shaba yenye tundu katikati na ndovu wawili kando ya tundu hilo. Wote waliuliza masuali mawili yale yale: fedha hii ni ya nchi gani, na je, ni kweli kwamba huko Bara inanunuliwa kwa mamilioni? Sarafu zote tatu zilitoka mahali pamoja. Zililetwa na vijana wetu wanaofanya biashara Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, mpakani mwa Zambia. Mwaka jana wakati wa kiangazi nilijaaliwa kufika mji huo kumtazama mpwa wangu mwenye duka la vyombo. Na kwa kuwa suali la pili lina khatari ndani yake kuliko la kwanza, nimeonelea niyajibu yote mawili hapa kwa urefu, badala ya kumjibu kila mtu peke yake mlangoni pa ofisi.

Sarafu hiyo ni peni moja ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo wazee wa huko mpaka leo huliita Federesheni. Waingereza waliziunganisha nchi tatu mwaka 1953: Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Makao makuu yalikuwa Salisbury, mji uitwao sasa Harare. Shirikisho likavunjwa tarehe 31 Disemba 1963. Lilidumu miaka kumi na miezi michache tu. Mkarafuu uliopandwa siku lilipoanza ulikuwa bado haujafika ukamilifu wake wa kuzaa siku lilipokufa.

Sasa, mwenye ramani na aitazame. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao yake yako Vwawa, wilaya ya Mbozi. Upande wa Tunduma na Momba umepakana na Zambia. Upande wa Ileje umepakana na Malawi, mto Songwe ukiwa katikati. Zambia na Malawi zote mbili zilikuwa ndani ya Shirikisho. Kwa hiyo mpaka wote wa nje wa mkoa huu, tangu mwanzo wake mpaka mwisho, kwa miaka kumi ulikuwa ni mpaka wa Shirikisho. Mtu wa Ileje aliyevuka mto kwenda kwa shemeji yake, na mtu wa Tunduma aliyevuka njia kwenda sokoni Nakonde, wote walirudi na fedha ya namna moja mfukoni. Ndiyo sababu sarafu hizi zimejaa huko na kwetu hazijulikani.

Na mpaka wenyewe una khabari inayotuhusu sisi watu wa visiwani. Ulichorwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yale yale yaliyoifanya Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza. Katika karatasi ile ile moja, Wajerumani walipewa kisiwa cha Heligoland, Zanzibar ikaangukia mkono huu, na mstari ukapigwa kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika, kwa namna ambayo ile njia iliyoitwa ya Stevenson baina ya maziwa mawili ibaki kwa Mwingereza. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili za mstari, na Walambya vile vile. Hakuna aliyewauliza, kama ambavyo hakuna aliyewauliza wazee wetu.

Shirikisho halikupendwa na Waafrika wa nchi zile, khasa wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kwani waliona wazi kwamba linawatia chini ya mkono wa masetla wa Salisbury. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Godfrey Huggins, aliulizwa juu ya huo ushirika wa weupe na weusi uliokuwa ukitangazwa, akaufananisha na ushirika wa farasi na mpanda farasi. (Wenye punda wa kubebea magunia watafahamu upesi nani alikuwa nani.) Aliyemfuata mwaka 1956 ni Roy Welensky, naye akakaa mpaka mwisho. Mwezi Machi 1959 ilitangazwa hali ya khatari Nyasaland, Dr. Hastings Banda akakamatwa, na watu zaidi ya hamsini wakauawa. Mwezi huo huo Kenneth Kaunda akatiwa mbaroni Rhodesia ya Kaskazini. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Disemba 1961, mstari wa Tunduma ukawa unatenga nchi huru na nchi isiyo huru, na mambo yakawa hivyo mpaka Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964 na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964. Zimbabwe, kama mjuavyo, ilingoja mpaka 1980.

Haya nimeyaeleza kwa sababu sarafu bila ya khabari zake ni kipande cha shaba tu. Sasa tuzitazame zenyewe.

Sarafu za Shirikisho zilianza kutolewa zikiwa na tarehe ya 1955, na zilipigwa Uingereza katika kiwanda cha fedha cha Serikali. Ziko za namna saba. Mbili ndogo kwa thamani ni za shaba na zina tundu: nusu peni ina twiga wawili, na peni ina ndovu wawili. Tano nyingine ni nyeupe na hazina tundu: peni tatu, peni sita, shilingi moja, shilingi mbili, na shilingi mbili na nusu. Hizi nyeupe zina kichwa cha Malkia Elizabeth wa Pili upande mmoja. Zile za tundu hazina kichwa, maana mahali pa kichwa pamechukuliwa na tundu; zimeandikwa jina lake tu na taji juu. Mtindo huu hata sisi tuliujua katika senti kumi na senti tano za Afrika ya Mashariki, nao una faida yake. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alipotawala kwa muda usiotimia mwaka kisha akajiuzulu, senti zenye jina lake zilikwisha kupigwa na kuenea huku kwetu bila ya mtu kuhitaji kuchora uso wake.

Peni tatu ina ua la mmea utambaao, lile ambalo petali zake hujikunja juu kama ndimi za moto, nyekundu na manjano. Shilingi ina palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama upanga wa jambia. Shilingi mbili ina furukombe aliyekamata samaki kwa kucha, na kwa rai yangu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote; mvuvi yeyote wa Kojani akiitazama ataona kwamba aliyeichora alimwona ndege huyo kwa macho yake. Shilingi mbili na nusu ina nembo ya Shirikisho: jua linalochomoza kwa ajili ya Nyasaland, simba kwa ajili ya Rhodesia ya Kusini, na mistari ya mawimbi, myeusi na myeupe, kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini na maporomoko yake ya Mosi-oa-Tunya. Chini pameandikwa maneno ya Kilatini yasemayo kwamba na tustahili kuwa wakuu. Miaka minane baadaye hapakuwa na Shirikisho la kustahili chochote.

Jambo la ajabu kwa mkusanyaji ni tarehe. Shilingi, shilingi mbili, na shilingi mbili na nusu zina tarehe za 1955, 1956 na 1957 tu. Peni za ndovu ziliendelea mpaka 1963. Lakini nusu peni na peni tatu zipo zenye tarehe ya 1964, yaani zimeandikwa mwaka ambao Shirikisho lilikuwa limekwisha kufa. Ukiipata nusu peni ya 1964, una fedha ya serikali isiyokuwapo. Si ya bei kubwa, lakini mimi ndiyo niliyoitafuta kuliko zote.

Sasa juu ya matumizi yake mpakani. Shilingi ya Shirikisho na shilingi ya Afrika ya Mashariki zilikuwa sawa, kwa sababu zote mbili zilifungwa na pauni ya Uingereza, shilingi 20 kwa pauni. Taabu ilikuwa katika chenji. Shilingi yao iligawanywa peni 12, na yetu senti 100. Peni tatu ni senti 25 kamili, na peni sita ni thumni kamili. Lakini peni moja ni senti 8 na theluthi, na hakuna sarafu ya namna hiyo duniani. Mnajua kwamba wazee wetu wengi waliiita senti kumi "peni". Basi fikirini mtu anunue kiberiti kwa peni ya ndovu katika duka linalohesabu kwa senti: mwenye duka akiipokea kama senti kumi amepoteza, na akiihesabu senti nane mnunuzi amepunjika. Vikitokea viberiti mia vya namna hiyo kwa mwezi, tofauti si ndogo. Nilimweleza mpwa wangu hesabu hii naye akacheka, akasema kwamba leo ni kwacha na shilingi na mchezo ni ule ule, ila sasa kila mtu ana simu ya kupigia hesabu.

Tunduma yenyewe si mji wa kutembelea kwa starehe. Ni mji wa malori. Hupanga mstari mrefu kandokando ya barabara kungoja kuvuka, na vumbi lake huingia hata katika birika la chai. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita hapo kuelekea New Kapiri Mposhi, na siku hizi pana kituo kimoja cha forodha kinachofanya kazi za pande zote mbili pamoja na Nakonde. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Lakini mtu wa kisiwani hatakuwa mgeni kabisa, kwani atasikia lafudhi ya kwao katika maduka, na chai ya asubuhi ina karafuu. (Niliuliza zimetoka wapi. Nilijibiwa, "Sokoni," na kama Katibu wenu sikutaka kuuliza zaidi.)

Sarafu nilizikuta mahali pasipotazamiwa. Fundi mmoja wa bati alikuwa na nusu peni nne chini ya vichwa vya misumari, kwani tundu lake lilimfaa. Bibi mmoja muuza karanga alikuwa na peni ya ndovu katika uzi wa funguo. Watoto walikuwa wakicheza nazo kwa kuzirusha ukutani. Zaidi ya yote ziko katika makopo, ndani ya nyumba za wazee waliokwenda kufanya kazi Copperbelt.

Hao ni wengi. Katika miaka ya hamsini vijana wa nyanda zile za kusini walikwenda kwa maelfu katika machimbo ya shaba ya Kitwe, Mufulira na Chingola, kwa miguu na kwa malori, kufuata Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo mwisho wake ni hapo Tunduma. Walilipwa kwa fedha ya Shirikisho. Mpwa wangu alinipeleka kwa mzee mmoja wa upande wa Momba, ambaye umri wake wapata miaka themanini na kitu, na jina lake sitaliandika kwa sababu ambayo itaonekana. Tulimwamkia, tukapewa viti kivulini, na baada ya mazungumzo ya mvua na mahindi mjukuu wake akaleta kopo la chai lililofungwa kwa mpira.

Mzee alikwenda Kitwe mwaka 1957 akiwa kijana. Alirudi mwaka 1964, miezi michache kabla ya uhuru wa Zambia, akiwa na nia ya kupumzika msimu mmoja kisha arejee kazini. Fedha iliyo ndani ya kopo aliiweka mahsusi kwa nauli na matumizi ya safari ya kurudi. Baba yake akaugua, shamba likawa halina mtu, na safari haikuwako tena. Zambia na Malawi zikatoa fedha zao wenyewe kuanzia mwaka 1964, na mwaka 1968 Zambia ikaacha pauni na peni kabisa ikaingia katika kwacha na ngwee. Mzee alipokuja kulipeleka kopo lake mpakani miaka baadaye, aliambiwa kwamba fedha hii imekwisha. Alisema maneno hayo kwa upole: "Mwanangu, nilikwenda na fedha, nikarudi na vyuma."

Kwa kuwa kazi yangu ni daftari, niliomba ruhusa nikazihesabu. Zilikuwamo shilingi mbili na nusu 11, shilingi mbili 9, shilingi 23, peni sita 14, peni tatu 32, peni 48 na nusu peni 12. Jumla ni shilingi 88, yaani pauni 4 na shilingi 8. Kati ya zile nusu peni, mbili zilikuwa za 1964. Mzee aliponisikia naitaja jumla, alitikisa kichwa na kusema kwamba ndiyo hiyo hiyo. Alikuwa ameihifadhi kichwani miaka yote.

Ndipo mjukuu akatoa khabari yake. Kulikuwa na mtu aliyekuja kutoka mjini, amevaa vizuri, akasema kwamba katika kopo lile mna sarafu zenye zebaki nyekundu ndani yake, na kwamba kuna mnunuzi atakayelipa shilingi milioni arobaini. Lakini kwanza sarafu lazima zipimwe kwa mashine, na ada ya mashine ni shilingi laki nane. Nyumba ile haikuwa na laki nane. Walikuwa na ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa amekwisha kutafutiwa mnunuzi, apelekwe mnadani Jumamosi. Sisi tulifika Alkhamisi.

Niliwaambia wazi kama ninavyowaambia nyinyi. Hakuna zebaki ndani ya sarafu yoyote ya Shirikisho. Zile za tundu ni shaba iliyochanganywa na madini mengine kidogo. Zile nyeupe ni shaba iliyochanganywa na nikeli, na hazina hata chembe ya fedha halisi. Zilipigwa kwa mamilioni. Peni ya ndovu iliyochakaa, ukiipeleka kwa wakusanyaji wa Ulaya, haitazidi bei ya vikombe vichache vya chai, na nauli ya kuipeleka itakula kila kitu. Zile ambazo zinatakiwa kidogo ni zile zilizobaki mpya kama zilivyotoka kiwandani, nazo hazikai katika kopo la mtu aliyefanya kazi ya jembe. Noti za Shirikisho ndizo zenye bei zaidi, kwa sababu karatasi huliwa na mchwa na nyingi zilirudishwa. Mzee hakuwa nazo.

Haikuwa rahisi kuyasema mbele ya kijana aliyekwisha kuona pikipiki yake akilini. Alinuna, na alikuwa na haki ya kununa. Mzee akauliza swali moja tu: je, kama si mamilioni, basi ni sifuri? Nikamjibu kwamba si sifuri, na kwamba kama angependa kuziuza, niko tayari kununua namna moja moja, saba kwa jumla, na nusu peni moja ya 1964, kwa bei ambayo tulikubaliana mbele ya mpwa wangu na mjukuu. Zilizobaki akazirudisha koponi. Ng'ombe hakupelekwa mnadani, na yule mtu wa mjini, nimeambiwa kwa simu, alikuja tena Jumapili akakuta hesabu yangu imebandikwa ukutani, sarafu kwa sarafu, na maelezo ya madini yake. Hakukaa hata kunywa maji.

Wanachama, utapeli huu haukai Tunduma peke yake. Bara nzima watu wanasumbuliwa na khabari za "rupia ya Mjerumani" na hazina zilizofukiwa, na msimu wa karafuu ukiisha hapa kwetu, watu wenye kuvaa vizuri hujua kwamba mkulima ana fedha ndani ya nyumba. Rupia za Mjerumani zipo kweli. Zile za fedha halisi zina uzito sawa na rupia ya Kihindi, kadiri ya gramu 11 na nusu na kidogo, na thamani yake haitoki katika uchawi bali katika fedha iliyomo na uzuri wa hali yake. Heller za shaba zilizoanza mwaka 1904 zipo tele. Yenye bei kubwa kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, kadiri ya elfu kumi na sita tu. Na mtu aliyenayo hiyo hatapita mlango kwa mlango akitafuta ada ya mashine. Anayenunua sarafu kwa haki hukulipa wewe. Akikutaka wewe umlipe kwanza, kwa jina lolote atakaloliita, mfungieni mlango na mumwarifu sheha.

Kipimo kimoja cha nyumbani ni sumaku. Sarafu za Shirikisho haziugusi sumaku, wala fedha halisi, wala dhahabu. Sarafu ya "Mjerumani" inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi. Lakini isiyovutwa na sumaku haijawa ya kweli kwa sababu hiyo tu, kwani risasi na shaba nazo hazivutwi. Na ikiwa mtu anataka fedha halisi kutoka upande ule wa mpaka, basi si katika Shirikisho, bali katika sarafu za Rhodesia ya Kusini zilizotangulia: zile za 1932 mpaka 1942 zina fedha sehemu 925 katika 1,000, za 1944 mpaka 1946 zina nusu, na kuanzia 1947 zile za matumizi ya kawaida hazina tena. Shilingi zetu za zamani za Afrika ya Mashariki, za 1921 mpaka 1946, zilikuwa na robo ya fedha. Tarehe imeandikwa juu ya sarafu. Msome kabla ya kusikiliza.

Juu ya kuzitunza, nina neno kali kidogo. Msizisugue! Mmoja wa wale wanachama watatu alikuwa ameing'arisha peni yake kwa ndimu na majivu mpaka ndovu wamebaki vivuli. Ndimu na majivu ni kwa sufuria. Sarafu iliyosuguliwa hakuna mkusanyaji atakayeitaka, na weusi ule mnaouona ni uchafu ndio unaoihifadhi shaba. Ikiwa ina udongo, iloweshwe katika maji safi, ikaushwe kwa kitambaa laini kwa kugusa tu, kisha iwekwe katika bahasha ya karatasi, kila moja peke yake. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na shaba huota ukungu wa kijani kwa miezi. Kwa hiyo kabati kavu ni bora kuliko sanduku la chini ya kitanda. Wala msiziweke pamoja na karafuu, kama nilivyoona kwa mwanachama mmoja aliyedhani kwamba karafuu hulinda kila kitu. Mafuta ya karafuu huyeyusha baadhi ya plastiki, na sarafu iliyonata katika plastiki iliyoyeyuka ni kazi kuiokoa.

Na andikeni. Kwangu mimi hili lapita yote. Katika kila bahasha pawe na karatasi: imepatikana wapi, kwa nani (kwa idhini yake), ilifanya kazi gani, na mwenyewe alisema nini. Peni za ndovu ziko maelfu kwa maelfu. Peni ya ndovu iliyokaa koponi tangu 1964 ikingoja nauli ya Kitwe ni moja, na khabari hiyo ikipotea hairudishwi na mnada wowote wa London. Wazee wa Copperbelt wanaondoka mmoja mmoja, na vijana wao wanaziuza sarafu kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Niliona mzani wa kazi hiyo kwa macho yangu, karibu na kituo cha malori.

Sisi nasi tuna makopo yetu. Ni nyumba chache za Pemba zisizokuwa na pesa ya mizani ya Seyyid Barghash, yenye tarehe ya 1299 ya Hijra, ambayo ni sawa na 1882. Ziko pia senti za mnazi za Seyyid Ali bin Hamud za mwaka 1908, ambazo ni adimu zaidi, na noti za rupia za Serikali ya Zanzibar zenye picha ya jahazi, ambazo ni adimu sana na aliyenayo asiiguse kwa mikono yenye mafuta. Rupia ilipoondolewa kwetu mwaka 1936 ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu, na waliochelewa walibaki na vyao kama yule mzee wa Momba. Babu zetu walilipwa kwa fedha hizo kwa kila pishi waliyochuma. Je, kuna aliyeandika?

Kamati imekubali kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya kufungwa kwa msimu, kuanzia saa tatu za asubuhi, wanachama walete ofisini sarafu na noti zao za zamani ili ziorodheshwe katika daftari maalum. Hazitanunuliwa wala hazitauzwa, na kila mtu ataondoka na zake siku ile ile. Wenye wazee wasioweza kutembea watoe khabari kwa mjumbe wa tawi, nitawafuata majumbani kwa baskeli, sehemu za karibu kwanza. Zile sarafu nane za Shirikisho nilizotoka nazo Momba zitakuwa juu ya meza, na nusu peni ya 1964 nimeiweka peke yake chini ya kioo, kwa kuwa ni ndogo na tuna watoto wengi.

Katibu wa Chama